Heaika Juuso na Mikanda Iliyokatika

Ndugu waombolezaji na majirani wa pande zote mbili za mto, historia hii inasomwa na Ántte Labba, shemeji yake marehemu, na kabla hamjaanza kunong'onezana, fahamuni kwamba ni marehemu mwenyewe aliyemchagua, mbele ya mkewe na bintiye, akisema kuwa Ántte ndiye mtu pekee ambaye hatamsifu bure.

Marehemu Heaika Juuso alizaliwa tarehe 14 Februari 1951 huko Kelottijärvi, upande wa Ufini, akiwa mtoto wa tatu wa Niillas na Elle Juuso, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, na alipotimiza miaka mitano baba yake alimpa kulungu jike na kumkata sikioni alama iliyokuwa ya babu, kata mbili kwa nyuma na pembe ndogo kwa mbele. Zizini, kundi likizunguka na theluji ikitimka, macho hayasaidii kitu, mtu humkamata mnyama, hupapasa sikio kwa vidole, kisha husema, "Huyu ni wangu," na likishasemwa neno hilo hakuna anayebisha.

Alisoma shule ya bweni ya Hetta kuanzia mwaka 1958 hadi 1966, na huko soksi za sufu alizofumiwa na mama yake zilikwenda kufuliwa zikarudi soksi nyingine, nyembamba, naye akaapa kwamba kitu kikishatoka mkononi mwako hakirudi kilekile. Tangu hapo alitia alama ile kwenye kijiko, kikombe, mpini wa shoka na kila kilichokubali ncha ya kisu. Baada ya shule alirudi kuchunga kulungu wa familia, kazi aliyoifanya kwa miaka zaidi ya hamsini, na tarehe 8 Julai 1978 alifunga ndoa na Ristiinná Labba wa ng'ambo ya Uswidi, baada ya kuichungulia pete kwa ndani, mbele ya mchungaji wa kanisa, kuhakikisha alama yake ipo, wakajaliwa binti mmoja, Sárá, aliyezaliwa tarehe 2 Mei 1980.

Novemba 2006 marehemu alinunua pikipiki mpya ya theluji, chapa ya Hanki, yenye waranti iliyohusu hadi mkanda wa kuendeshea. Kila mtu hapa anajua kwamba Hanki inayouzwa Ufini na Skare inayouzwa Uswidi ni mashine moja yenye majina mawili, namba iliyopigwa mgongoni mwa mkanda ni hiyohiyo, lakini mkanda wa Hanki ukikatika ni lazima usubiri wa Hanki, hata kama duka la Ántte, ng'ambo ya daraja, limejaa wa Skare. Januari 2007 mkanda wa kwanza ulikatika, mbadala ukachukua wiki tatu, na wakati huo kundi lake lilikuwa limeshavuka mpaka wa malisho, na ulipofika haukuwa hata na boksi.

"Huu ni mkanda wangu wa zamani, wameusugua tu," alimwambia mkewe.

"Uliokatika, Heaika? Wameusugua ukaunga?"

"Wewe cheka. Hawa watu wana akili."

Siku hiyo aliukata mkanda ule alama yake ukingoni, kwa kisu, ili wasimchezee tena. Mkanda ulikatika Machi. Aliupeleka, akaletewa mwingine, akautia alama, nao ukakatika, na kadiri ilivyokatika ndivyo alivyoamini kwamba anauziwa mabovu, na kadiri alivyoamini ndivyo alivyokata kwa kina. Duka la Hanki lilidhani kata zile ni za kiwandani, kiwanda kikadhani ni za dukani, na waranti ikaendelea kuleta mkanda mwingine kila baada ya wiki tatu hadi ilipokwisha. Sárá, asiyetia alama chochote, alikuwa na mashine ya aina hiyohiyo, na mkanda wake haukukatika hata siku moja, jambo lililomfanya baba yake aulize mezani kama binti ana mtu wake pale dukani.

Januari 2010 Ántte alimpa mkanda wa Skare kama zawadi. Marehemu aliupokea, akaunusa, akalinganisha namba, akautia alama. Ulikatika katikati ya ziwa, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, akatembea hadi nyumbani, akapoteza vidole viwili vya mguu wa kushoto. Alipoweza kusimama alivuka daraja, akautupa mkanda juu ya kaunta, mbele ya wateja.

"Umenipa uchafu wa Hanki kwenye boksi la Skare! Umetaka dada yako awe mjane?"

"Toka dukani kwangu," alisema Ántte, akautumbukiza mkanda ule stoo bila kuutazama.

Wakanuniana zaidi ya miaka kumi na moja. Ristiinná alivuka daraja peke yake Krismasi zote hizo, akiwa na jibini lake la kutia kwenye kahawa, na akarudi peke yake, na hilo lilimuuma kuliko alivyowahi kusema.

Oktoba 2021 moyo wa marehemu ulianza kudhoofika, akalazwa hospitali ya Rovaniemi, akawekewa kifaa cha kusaidia mapigo, baada ya kumhoji daktari kinauzwa kwa majina mangapi. Tarehe 11 Desemba, Ántte, aliyekuwa amefunga duka na kusafisha stoo, aliingia wodini bila kusalimu, akamwekea mkanda ule mikononi. Marehemu alifumba macho, akapapasa ukingo kwa vidole kama mtu aliye zizini, akafika kwenye kata mbili, akafuata mpasuko, akakuta umeanzia palepale.

"Huyu ni wangu," alisema.

Hakuna aliyebisha. Alifariki tarehe 3 Machi 2022, nyumbani, Ántte na Ristiinná wakiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliojibu maswali yake yote, wafugaji wenzake wanaochunga kundi lake mpaka sasa, na majirani walioleta kuni na mchuzi wa nyama. Walio mbele wataona kata mbili na pembe ndogo ukingoni mwa jeneza, Sárá amezikata asubuhi ya leo kwa kisu cha baba yake, maana marehemu alihofia sana asije akabadilishwa njiani.

Pumzika sasa bila wasiwasi, shemeji. Huyu ni wetu.