Samaki wa Jiwe wa Emile Cirhuza

Lori lilikuwa limeshaacha Bukavu, wasikilizaji wapendwa, limepita na Nyangezi, na Emile Cirhuza yuko juu ya mifuko ya chumvi, nyundo mapajani. Mwaka ni 1957. Emile ni mwashi wa Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, na ameacha kazi tena. Mara ya tatu! Anashuka Luberizi, ukingoni mwa Ruzizi, kutafuta samaki waliogeuka jiwe.

Mke wake, Maman Eulalie, alimpigia kelele majirani wakisikia: "Samaki ya kukula iko soko, weye unaenda kutafuta ya jiwe? Batoto batatafuna jiwe?"

Muzungu mmoja mpima mawe alikuwa amemwahidi: niletee samaki mzima, nitaandika jina lako kitabuni. Jina kitabuni. Emile hakutaka kingine.

Miezi miwili alipasua ukingo wa mto. Akapata makombe ya konokono. Akapata mikia. Mikia tu! Halafu, kiangazi, jiwe moja likafunguka: samaki mzima, mifupa yote, mapezi, hata tundu la jicho.

Sasa sikilizeni alichofanya, maana hadi leo kinanikera. Jiwe lilikuwa zito. Akalifunga kwa majani ya migomba, akaliacha kwa shemeji yake Venant, akapanda Bukavu kumwita muzungu. Venant alikuwa mchoma chokaa. Mchoma chokaa, wasikilizaji! Na mawe ya kuchoma aliletewa yamefungwa vilevile, kwa majani ya migomba. Emile hakumwambia neno. Aliogopa kuibiwa.

Kikanisa cha kijiji kilingoja chokaa ya kupaka kuta kabla ya sikukuu ya Maria.

Emile na muzungu waliporudi, Venant aliwapokea anacheka. "Beau-frère, shemeji! Ile jiwe yako ilitoa chokaa nyeupe kabisa! Nimekuwekea ndoo moja."

"Venant, ilikuwa samaki!"

"Si ungesema? Mudomo uko nayo ya nini?"

Muzungu alikuna ukuta wa kikanisa kwa kucha, akapanda gari lake.

Clémence, binti wa Emile, ametuambia: "Kila siku ya Mungu, Jumapili, tukishuka kule, papa alikuwa anakaa karibu na ule ukuta. Maman anamukemea: angalia padri, acha ukuta!"

Papa Emile alizikwa Jumamosi iliyopita. Pole sana, Clémence, pole familia yote. Nanyi mnaonisikia, fikirini: nani anakutunzia kitu bila kujua ni nini? Nenda ukamwambie. Leo.

Maman Eulalie alimtangulia kaburini kwa miaka kumi. Venant alihamia Uvira, akaacha chokaa, akauza samaki. Muzungu alirudi kwao. Kitabu kilitoka, jina la Emile halimo. Kikanisa kimepakwa rangi ya bluu, juu ya chokaa ile.