Madamu Geneviève na Samaki wa Jiwe Aliyeota Meno

Tarehe 30 Juni 2005, Madamu Geneviève Ntirampeba anastaafu baada ya kuitumikia Nyumba ya Mawe, hapa Kigobe, kwa miaka thelathini na mmoja. Sisi tunaobaki tumeambiwa tufurahi kwa niaba yake. Tunajitahidi.

Kwa wale waliofika leo kwa ajili ya soda tu: Nyumba ya Mawe hutunza visukuku, yaani viumbe wa kale waliogeuka mawe, na kwetu wengi wao ni samaki. Madamu aliingia hapa mwaka 1974 akiwa na shahada ya jiolojia, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na imani kwamba jiwe la kumdanganya yeye halijachongwa. Shahada imeliwa na mchwa. Hivyo viwili vingine vipo kama vilivyokuja.

Kazi yake ilikuwa kutenganisha samaki wa kweli na samaki wa kutengenezwa. Alikuwa na lenzi, sindano ya kuchoma moto, pamba, na ulimi. Ulimi ndio uliompa sifa mjini. Mfupa wa kale una vitundu vidogo sana, kwa hiyo ukiugusa kwa ulimi unakung'ang'ania. Wa bandia hauna habari na wewe.

Wengi mnakumbuka hafla ile ambapo mkubwa mmoja, ambaye jina lake tunaliacha lipumzike, alituzawadia samaki wa jiwe mkubwa kama sinia. Madamu alimpokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima, akamlamba. Mke wa mkubwa alidhani ndiyo protokoli, naye akamlamba. Baada ya hapo nani angekataa? Wageni walipanga mstari. Madamu alipofanikiwa kupata nafasi ya kueleza kwamba samaki ni plasta iliyopakwa rangi ya viatu, nusu ya ukumbi ilikuwa na ndimi nyeusi, na hotuba ya shukrani ilisomwa kwa midomo iliyofumbwa nusu.

Kisha vita vikaja. Sitavipamba. Siku za "ville morte", mji ulipofungwa kwa nguvu na barabara zikabaki tupu, tulikuwa tunahesabiana asubuhi kwa macho, kimya kimya. Madamu alikuja kwa miguu kutoka Musaga, kusini mwa mji, kila ilipowezekana, na mara kadhaa ilipokuwa haiwezekani. Tulimuuliza kwa nini anahatarisha roho kwa ajili ya samaki waliokwisha kufa. Alijibu bila hata kuvua kitambaa cha kichwa: "Hawa angalau awaulizi mutu ni wa upande gani."

Mwaka 1996 vikwazo vya nchi jirani vilipofunga mipaka, dawa zetu za maabara ziliisha. Madamu alihitaji asetoni ya kufutia rangi zilizopakwa juu ya mawe, na asetoni haikuwepo. Akavumbua kwamba dawa ya wanawake ya kufutia rangi ya kucha inafanya kazi ileile. Akawa anainunua sokoni Jabe, chupa kwa chupa, mwanamke ambaye hajapaka kucha tangu azaliwe. Ofisi nzima iliamini amepata mchumba. Mhasibu wetu Sylvère alianza hata kuchangisha pesa za zawadi ya harusi, na mpaka leo hajaeleza zilikwenda wapi.

Hukohuko Jabe ndiko alikoanza kukutana na kazi za Massoudi.

Massoudi alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Gari likigongwa, yeye alijaza mbonyeo kwa mastiki, ile gundi nzito ya gereji inayokauka ikawa ngumu, akasugua, akapaka rangi, na mwenyewe ungeapa halijawahi kuguswa. Vikwazo vilipoleta uhaba wa petroli, magari yakaacha kutembea, na gari lisilotembea haligongwi. Massoudi akabaki na mastiki na njaa. Akaanza kutengeneza samaki wa mawe na kuwauzia wageni wa mashirika waliotaka kumbukumbu ya kupeleka kwao. Wale wa kwanza walikuwa mukeke halisi, samaki wa ziwani, waliokaushwa na kuzamishwa kwenye saruji. Mvua ya kwanza iliponyesha, paka wa mtaa waliwagundua kabla ya Madamu. Kutoka hapo akatumia mastiki tupu, na lazima tuseme ukweli, alikuwa na mkono.

Mapema mwaka 1998 alikamatwa kwenye kizuizi cha Musaga, akielekea kusini na kasha la samaki wake. Wakati ule wa vikwazo, mtu mwenye kasha lililofunikwa turubai hakuwa na maelezo mazuri. Alishtakiwa kutorosha mali ya taifa. Kosa hilo lilikuwa na miaka mingi ndani yake, na tusidanganyane: miaka ile kuna walioingia gerezani na hawakumaliza hata mwezi. Mkewe, Houda, alikuwa mjamzito. Mahakama ikamwita Madamu Geneviève aseme kama samaki wale ni wa kweli au la.

Sote tulijua ni bandia. Tukamwambia aende, aseme hivyo, arudi tunywe chai.

Madamu aliomba kiberiti, akapasha sindano, akamchoma samaki wa kwanza. Ukumbi ukanuka gereji, maana mastiki ikichomwa hutoa harufu na jiwe halitoi. Wa pili, gereji. Hakimu akafungua dirisha. Massoudi alikuwa anamfuatilia kwa tabasamu, nadhani hata alikuwa anajivunia, maana mara mbili Madamu alilazimika kutumia lenzi. Akaja samaki mmoja mdogo mwenye meno kama ya mamba. Akamchoma, hakuna harufu. Akamlamba. Ulimi ukanasa.

Astère wa stoo, aliyekuwa amekaa nasi nyuma, alianza kukohoa kwa makusudi. Mimi nilikuwa natikisa kichwa mpaka shingo ikauma. Houda alikuwa amesimama dirishani, mkono juu ya tumbo. Neno moja tu, "bandia", na kila mtu angerudi kwake. Nani angempinga? Hakukuwa na mtu mwingine mjini wa kulamba jiwe na kuaminiwa.

"Hii ni ya kweli," akasema Madamu.

Aliyepiga kelele wa kwanza alikuwa Massoudi, na hakuwa analia. Alikuwa amekasirika. "Apana! Madamu, apana! Ile ni ya uongo kuliko zote! Mi niliikuta ndani ya gari, ilikuwa mubaya, aina jicho, aina meno. Nikaona ni kazi ya mutu mwenye ajui kazi. Nikayisaidia!"

Mahakama ikacheka, hata askari wa mlangoni. Madamu hakucheka. Alimwomba Massoudi aonyeshe ni wapi hasa alipomsaidia samaki. Akaonyesha: jicho, meno yote, na pezi moja la ziada, kwa sababu upande ule ulikuwa mtupu. Madamu akalowesha pamba kwa dawa yake ya kucha na kufuta. Rangi ikatoka, na ncha ya sindano ikainua kilichobaki. Meno yakadondoka mezani moja moja. Chini yake akabaki samaki mdogo, mchovu, bila jicho, na ufa wa jiwe ukipita katikati ya mbavu zake kama unavyopita kwa samaki wa kweli.

Akamgeukia hakimu na kumweleza kwa Kifaransa chake cha darasani. Kama Massoudi alivyomweleza, gari lile liliachwa gereji na mwalimu mgeni aliyekimbia vita mwaka 1993, na jiwe lilikuwa ndani. Mtu anayejua ameshika mali ya taifa haipaki meno, maana kila jino linaishushia thamani. Mshtakiwa hakuwa mtoroshaji. Alikuwa na kitu cha kweli mkononi, na kwa moyo mweupe kabisa akakifanya kuwa cha uongo.

Hakimu akasema kwamba kama mtaalamu angeiambia mahakama kuwa wote ni bandia, yeye angejiuliza amelipwa na nani, lakini huyu amesema hata lisilomsaidia mtu. Massoudi akaachiwa, kwa sharti kwamba aje kwetu amsafishe samaki mpaka arudi alivyokuwa. Akaja. Aliomba arudishe walau jicho. Alikataliwa. Kazi ilipoisha hakuondoka, na leo ndiye anayekarabati masanduku yetu ya vioo.

Siku ile, tukitoka mahakamani, tulimlaumu Madamu kwa kutupandisha presha. Alisimama katikati ya barabara. "Nikisema uongo leo juu ya kumutosha Massoudi, kesho wataniita niseme uongo juu ya kumufunga mwingine. Na nitakuwa nimekwisha kuzoea." Akaendelea kutembea.

Houda alijifungua mtoto wa kike. Wazee wa familia walipendekeza majina mazuri ya Kiislamu, wakasikilizwa kwa adabu, na mtoto akaitwa Geneviève. Ana miaka saba sasa, na Jabe nzima hakuna Geneviève mwingine anayejaribu kufunga Ramadhani.

Madamu, asante kwa mawe, kwa makelele na kwa kutufundisha kazi. Katika miaka hii wengi waliitwa kusema neno juu ya mtu, na wengine wao leo wanazunguka mtaa mzima ili wasipite mbele ya nyumba ya mtu huyo. Wewe ukipita Jabe, mlango unafunguliwa na unaitwa uingie ule. Tunakuombea uzee mrefu wa kupita popote unapotaka.