Kemia 412

Basi la chuo kule Nebraska lilikuwa likielekea stesheni, na dereva Lorna, kama kawaida yake, alikuwa ametega sikio.

"Narudi kwa ng'ombe wa baba," kijana Colby alimwambia mama mwenye mvi, mwanafunzi pia, aliyekaa kando yake. "Wiki moja tu, kemia imenishinda. Sina akili mimi."

"Somo namba ngapi?"

"Mia nne kumi na mbili. Lilikuwa na nafasi tele."

"We mtoto! Hiyo nne ni mwaka wa nne. Wenzio wa mwaka wa kwanza wanaanza na mia moja na kitu."

"Kumbe mimi si mjinga?"

"Sijui. Kemia yenyewe hujaijaribu bado."

Lorna akasimamisha basi mbele ya ofisi ya usajili, wanakobadilishia masomo. Colby akalitazama begi lake. Lorna, ambaye hamngojei mtu, akauacha mlango wazi, baridi ikiingia.