Historia ya Fundi Bonaventure Mushagalusa na Bolti Saba Alizoziacha

Wachungaji wetu, wazee, mama zetu, majirani wa Bredäng, na ninyi mliotoka Märsta moja kwa moja mkiwa bado na viatu vya kazi, familia inawashukuru kwa kuja, nayo imempa Valéry, mdogo wa marehemu, karatasi hii aisome, na kwa kuwa marehemu mwenyewe alishiriki kuiandika, Valéry anaomba isikilizwe mpaka mwisho, hata pale itakapouma.

Bonaventure Mushagalusa alizaliwa tarehe 14 Machi 1965 huko Kadutu, mjini Bukavu, mtoto wa tatu wa mzee Mushagalusa aliyekuwa seremala na mama Madeleine, akasoma shule ya msingi hapohapo Kadutu kuanzia 1971 hadi 1977, kisha shule ya ufundi, akahitimu umekanika mwezi Julai 1984, na waliosoma naye wanamkumbuka kama mtu asiyetupa kitu, kwa maana hata msumari uliopinda aliunyoosha kwa jiwe na kuutia mfukoni.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika gereji moja ya Nguba, hapohapo Bukavu, nyakati ambazo vipuri vilikuwa havifiki, na fundi alijulikana kwa namna anavyoweza kulirudisha gari barabarani kwa chuma kilekile kilichoharibika, naye katika hilo hakuwa na mpinzani, malori yaliyokwisha kukatiwa tamaa aliyafufua, na bolti yenye meno mazuri aliiosha kwa petroli, akaipaka grisi, akairudisha mahali pake, na lori likaondoka. Tunalisema hili mapema kwa sababu sifa hiyo iliyomlisha ndiyo iliyokuja kumponza.

Tarehe 6 Agosti 1994 alifunga ndoa na Hortense Nabintu, ambaye sote tunamwita Mama Asifiwe, wakajaliwa watoto watatu, Asifiwe mwaka 1995, Heshima mwaka 1998, na Bonheur mwaka 2004, huyu wa mwisho akizaliwa kambini Nakivale, Uganda, kwa kuwa vita vilikuwa vimekwisha kuwang'oa Bukavu, na tarehe 11 Februari 2008 wakashuka Stockholm wakiwa na mabegi mawili na seti moja ya spana. Kiswidi kilimsumbua mpaka mwisho, lakini mashine zilimwelewa upesi, na kuanzia Mei 2011 alikuwa fundi wa magari ya kuvuta mizigo ya ndege huko Märsta, akipanda treni mbili kila asubuhi kwa miaka kumi na mitatu bila kuchelewa hata siku moja, jambo ambalo alipenda kulitaja, na akishalitaja alilitaja tena.

Heshima ndiye aliyerithi mikono ya baba yake, alisomea magari hapa mjini, akamaliza Juni 2017, na mwaka 2019 wawili hao walinunua Volvo ya mwaka 1989, wakapanga gereji ndogo karibu na Skärholmen, wakakusudia kuijengea injini ya mbio, na Mama Asifiwe anasema hajapata kumwona mumewe akicheka kama alivyocheka miezi ile, maana walikuwa wakirudi nyumbani weusi kwa oili, baba akisema kwa Kiswahili, mwana akijibu kwa Kiswidi, na hakuna aliyepotea njia.

Kilichowagombanisha ni konrodi, na kwa msiofahamu, konrodi ni ule mkono wa chuma unaoikamata pistoni na kuiunganisha na kranki, mhimili wa injini unaozunguka, ndio unaobeba kishindo chote, na ukiwa dhaifu injini ya mbio haina maisha. Heshima alikwisha kuchagua zake, za chuma kilichofuliwa, zenye kiuno cha umbo la H, nyepesi, zenye uzito sawa zote nne, na zinazokuja na bolti mpya, akaiandika namba ya kuziagizia kwenye karatasi na kuibandika ukutani gereji, lakini baba yake alipoishika moja kwa rafiki yao, aliitikisa kiganjani na kusema ni nyepesi kama kijiko cha chai, kwamba chuma cha kuaminiwa ni kile kilichokwisha kufanya kazi, na kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mkuu, Heshima akakubali, na marehemu akazitoa konrodi za zamani katika injini iliyotupwa, akazisugua kwa wiki tatu mpaka zikang'aa, nazo kwa kweli zilipendeza.

Mwanawe aliomba jambo moja tu, kwamba basi angalau bolti ziwe mpya, kwa sababu bolti ya konrodi ikikazwa hurefuka kidogo kama mpira wa soksi, na ikishalegea hairudi, na marehemu aliitikia kwa mdomo, akaahidi, kisha Jumamosi moja akiwa peke yake gereji akaziangalia zile bolti nane za zamani, akaona meno yake ni mazima, akaziosha kwa petroli kama alivyofanya Nguba, na akazifunga.

Tarehe 22 Mei 2021, kwenye uwanja wa mbio kaskazini mwa mji, Heshima akiwa usukani, injini ilipopita mizunguko elfu sita kwa dakika bolti moja ilikatika, konrodi ikatoka nje kwa kutoboa bloki, yaani mwili wa injini, na oili ikamwagika mbele ya rafiki zao wote, nao walipouliza, marehemu alijibu kwamba kijana alikanyaga mafuta kabla injini haijazoea. Heshima alimtazama, akasema neno moja, okej, pappa, akavua glavu, akaziweka juu ya boneti. Tangu siku hiyo hakugusa injini tena, nafasi aliyokuwa amepewa katika karakana ya magari ya mbio aliikataa akiamini mikono yake inaua, akahamia Sundsvall kwenye kiwanda cha mbao, na kila Jumapili alimpigia simu mama yake, huku baba akisimama mlangoni mwa jiko na kuuliza kwa sauti kama mtoto amekula.

Marehemu alijua. Wiki ileile aliifungua injini, akazipima bolti saba zilizosalia kwa maikromita, akaziona zimerefuka, akazitia ndani ya kopo la kahawa, akalificha nyuma ya matairi, na kwa miaka mitatu na nusu hakumwambia mtu, maana alizoea kusifiwa kwa kuokoa vitu, na hakujua jinsi ya kusema kwamba ameharibu.

Mwezi Novemba 2024 alikutwa na saratani ya kongosho, akalazwa, akaruhusiwa, na mwezi Januari akalazwa tena, na hapo ndipo alipomweleza Valéry haya yote na kumwomba ayaandike katika historia yake, na Valéry, kwa hasira, na leo anakiri kwamba ilikuwa hasira, alimwambia simu hiyo hapo kitandani, mpigie mtoto, lakini alijibu kwamba kwenye simu Heshima angemkatiza kwa kumsamehe upesi, naye hakustahili kusamehewa upesi, ila historia ya marehemu haikatizwi na mtu. Valéry alimsihi siku tatu, na siku ya nne, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa nne asubuhi, kaka yake akafariki, simu ikiwa palepale. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu amekabidhiwa Valéry amlee.

Wazee wa familia walitaka ukurasa huu utolewe, Mama Asifiwe akasema usomwe, basi haya ndiyo maneno ya marehemu, kama alivyoyatamka kwa Kiswahili cha kwetu, bolti akiziita buloni: «Heshima, mutoto wangu, zile buloni za zamani ni mimi niliziweka, nilijua ni za zamani, na nilikuacha ubebe kosa yangu.»

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa ngazi yetu Bredäng walioleta chakula kila siku bila kuitwa, wenzake wa Märsta waliochukua zamu zake alipoishiwa nguvu, na kwaya iliyoimba kando ya kitanda.

Limebaki jambo moja. Desemba iliyopita, alipokuwa nyumbani akitembea kwa kushika ukuta, marehemu alikwenda gereji, akaibandua ile karatasi yenye mwandiko wa Heshima, akaagiza konrodi zenye namba ileile, akazipima moja moja kwenye mizani ya jikoni ya mkewe, akaandika uzito wa kila moja kwenye utepe, na pakiti ya bolti mpya hakuifungua. Boksi liko gereji pamoja na lile kopo la kahawa, na ufunguo anao Valéry, ambaye akimaliza kusoma ataushusha mpaka mstari wa pili wa viti, kwa Heshima mwenyewe.

Heshima, ulichagua vizuri tangu mwanzo, baba yako alilijua hilo na hakukwambia. Nawe kaka, pumzika kwa amani, ile uliyoogopa kuiomba ukiwa hai.