Bi. Veronika Mkude na Dume Wetu wa Mbegu

Tarehe 30 Juni 2025 Bi. Veronika Mkude anavua buti za mpira, baada ya miaka thelathini na moja katika kituo chetu cha nguruwe wa mbegu hapa Kihonda. Wiki nzima maabara tumebishana nani aandike wasifu huu. Nimeshinda mimi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kuhudumia mabanda, akajiendeleza kimasomo hadi akawa mkuu wa maabara. Kwa kutoa damu kwenye sikio la nguruwe hana mpinzani. Sisi tuliangushwa matopeni. Yeye alimkuna mnyama, akamwongelesha Kiluguru, na kichupa kikajaa.

Ila habari yake kubwa ni ya Lukembe, kijiji cha mlimani. Mwaka 2016 aliwapelekea dume kutoka kituoni, akamsifia mwenyewe. Miezi michache baadaye majike wakaanza kutupa mimba. Lawama zikamwangukia Mzee Anselmi, mtunzaji wa dume, eti majike wanaoletwa kwake kupandwa anawalisha pumba zenye ukungu. Wengine hata salamu yake hawakuitikia.

Bi. Veronika akapanda kuchukua damu ya majike na dume. Majibu yalionyesha brusela, ugonjwa unaoenea nguruwe wanapopandana na unaoweza kumpata hata binadamu. Akapima nguruwe wa banda la kituo alikotoka dume. Nako ulikuwepo.

Ofisini tulimshauri atume barua tu. Akakataa. Jumapili baada ya misa alisimama mbele ya wafugaji.

“Shikamooni wazee. Ugonjwa tumeuleta sisi. Niliwaletea dume bila kumpima. Mzee Anselmi hana kosa.”

Kisha Cecilia, ambaye jike wake alitupa mimba mara mbili, akauliza, “Sasa mama, tunafanyaje?”

“Wagonjwa tunawaondoa, mabanda tunasafisha. Na mliogusa vitoto vilivyotupwa, kesho tunakwenda wote hospitali.”

Watatu walikutwa na ugonjwa, Cecilia akiwemo. Walitibiwa, wakapona. Kituo kiliwapa majike wapya, na tangu hapo hakuna dume anayetoka getini bila kupimwa mara mbili.

Wiki iliyopita Cecilia alipiga simu: jike wake kazaa kumi na wawili, wote wazima. Bi. Veronika aliruka mpaka miwani ikadondoka.

Sasa anakwenda Mgeta kulima karoti. Ahsante, mama, kwa kazi yako na kwa yale uliyosema Lukembe. Mungu akujalie afya na miaka mingi ya furaha. Ila simu usizime: Jumatatu tuna madume wanne wa kupima.