Mkono Uliobaki Hewani

Risala ya Chama cha Historia kwa mgeni rasmi, Bwana Harmon Loftis, siku ya kufungua majukwaa mapya ya uwanja wa besiboli. Tolliver Springs, Carolina Kaskazini, 17 Aprili 1999.

Mgeni rasmi, Bwana Loftis, Mwenyekiti wa Bodi ya Elimu ya wilaya yetu. Mkuu wa shule. Walimu na wazazi. Na ninyi mliofuata soseji za bure, ambao tunawaona na tunawapenda vilevile:

UKARIBISHO

Sisi wanachama kumi na mmoja wa Chama cha Historia tunakukaribisha kwa mikono miwili. Majukwaa uliyotujengea ni mazuri. Yale ya zamani yalikuwa na vibanzi vya mbao, na kila shabiki aliondoka na kumbukumbu mahali ambapo hawezi kumwonyesha mtu.

HISTORIA

Mwalimu Haskett alituagiza tuchunguze jinsi weusi na weupe walivyoanza kucheza pamoja besiboli ya kulipwa. Tulianza na yanayojulikana. Ligi kubwa ziliwafungia weusi mlango kwa zaidi ya nusu karne, na hakuna aliyekubali kwamba anaushika ufunguo. Weusi wakaunda ligi zao, wakajaza viwanja vyao. Mwaka 1947 mlango ukafunguliwa kule Brooklyn, timu ya huko ilipomchezesha mweusi. Kwetu habari hiyo ilifika kwa mwendo wa kawaida wa kwetu: miaka minane baadaye.

Mwaka 1955 timu ya mji huu, Wafumaji, ilimsajili mweusi wake wa kwanza, Alonzo Pettiford, kijana wa miaka ishirini na miwili. Katika zamu za kupiga, alikuwa mpigaji wa nne. Wa tano, mgeni rasmi, ulikuwa wewe.

MAFANIKIO

Katika chumba cha chini cha maktaba tumepata masanduku matatu ya picha za gazeti la mji, na buibui mmoja ambaye hatutaki kumzungumzia. Msimu ule Pettiford aliupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja mara nyingi, na mara kumi na moja mpiga picha alikuwepo. Kila anayejua mchezo huu anajua desturi yake: mtu akiuvusha ukuta, huzunguka vituo vyote bila haraka, na akifika nyumbani, yaani kituo cha kuanzia na kumalizia, mpigaji anayefuata humsubiri pale ampe mkono. Haijaandikwa kwenye kanuni. Ni adabu tu, kama kuvua kofia kanisani.

Katika picha kumi, Pettiford anakanyaga nyumbani, na mpigaji anayefuata anatazama viatu vyake mwenyewe. Viatu hivyo tumevichunguza sana. Havina lolote la kutazama.

Picha ya kumi na moja ni ya tarehe 19 Agosti. Mpigaji wa tano ameinua uso, na mkono wake wa kulia uko hewani, usawa wa mkanda. Lakini mgongo wa Pettiford umeziba yaliyobaki.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ndiyo hiyo. Mkono ule ulikuwa unakwenda, au ulikuwa unarudi kabla ya kushikwa?

Tumebishana tangu Januari. Sita wanasema ulikuwa unakwenda. Wanne wanasema ulikuwa unarudi. Mmoja, Delphine Mabry, alidai ulikuwa unafukuza nzi, tukamwondolea haki ya kupiga kura kwa wiki moja.

Mwisho tukaenda kumuuliza Mzee Pettiford mwenyewe. Safari haikuwa ndefu: ndiye anayepaka chokaa mistari ya uwanja huu, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Aliipokea picha. Akatuambia timu ikisafiri, wenzake walikula ndani ya mgahawa naye alibaki kwenye basi, maana ndani hakuruhusiwa. Na kila mara kulikuwa na mtu mmoja aliyetoka mlango wa jikoni na sahani ya kambare wa kukaanga, iliyofunikwa kwa leso, akaiweka kwenye ngazi ya basi, akarudi ndani. Tukamuuliza ni nani. Akasema, "Huyohuyo mnayebishania mkono wake."

Hapo tukachanganyikiwa zaidi. Sahani ilipita mlango wa nyuma. Mkono ungepita mbele ya watu elfu mbili. Tulikuwa hatujajua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, wema wa sahani na woga wa mkono. Tukamsihi atuambie basi kilichotokea siku ile.

"Nyie watoto mna kazi kweli," akasema. "Mkono wenyewe si wangu. Muulizeni mwenye mkono."

Ndiyo maana tumekualika. Mwalimu Haskett alishauri tuifute sehemu hii tusikuaibishe. Tulimjibu kwamba hatuna haki ya kukusuta: sisi tumekaa weusi na weupe meza moja tangu chekechea, na hatujui tungetazama nini mbele ya watu elfu mbili. Labda viatu. Tunachotaka ni kujua.

OMBI

Tulikuwa na maombi saba, likiwemo bomba la maji lisilotema kutu. Tumeyafuta sita, kwa uchungu.

Lililobaki ni hili. Tukimaliza kusoma, Mzee Pettiford atauzindua uwanja kwa kuzunguka vituo vyote. Tulipomwomba aliuliza, "Nyumbani atasimama nani?" Tukamwambia hatujui bado. Leo asubuhi chokaa ya nyumbani ameipaka mara mbili.

Goti lake la kushoto halimtii, kwa hiyo atachukua kama dakika nne. Kutoka kiti chako hadi nyumbani ni hatua ishirini na sita. Tumezihesabu kwa miguu mifupi ya Delphine. Huna haja ya kutujibu kwa maneno, na ukipenda kubaki umekaa, soseji zitagawiwa kama kawaida.

Delphine ndiye mwenye kamera. Safari hii amesimama upande wa pili, ambako mgongo hauzibi.

Mungu ayabariki magoti ya Mzee Pettiford, aibariki mikono yote iliyopo hapa, na auweke mji huu.

Ni sisi,
Chama cha Historia,
Shule ya Sekondari ya Tolliver Springs.

Mzee, anza kuzunguka.