Samli Niliyoidai kwa Kiboko

Sifa zote ni za Bwana, ndugu zangu. Nimesimama mbele yenu nikiwa na hasira, na sitaificha. Mzee wa kanisa ameniambia pale mlangoni, "Danieli, leo sema kwa upole, tuna wageni." Nimemwambia upole nitausema siku nyingine. Bwana hakuniokoa kwa upole. Nilikuwa mwizi, tena mwizi mwenye kanzu safi, na kila Jumapili nilikaa benchi lile la mbele.

Wenyeji wa Ugogo wanajua desturi yetu, lakini kwa ajili ya wageni nitaieleza. Mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Anawafugisha watu: wawili kwa shemeji, watatu kwa jirani, wanne kwa rafiki wa kule bondeni. Ugonjwa ukipiga upande huu, wa upande ule watapona. Ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama wake pia. Maziwa ni ya anayechunga, kwa sababu ndiye anayefukuza fisi na kuchimba kisima kwenye mchanga wa mto wakati wa kiangazi. Hakuna aliyeandika jambo hili popote. Baba yangu alilifuata mpaka anaingia kaburini, na hakuwa amebatizwa.

Mimi nilikuwa nimefugisha nyumba saba. Mmoja wa wafugaji hao alikuwa Chomola, mume wa dada yangu mdogo, Nyemo. Alichunga ng'ombe wangu tangu alipomwoa, na sikuwahi kusikia ndama wangu amepotea mikononi mwake.

Basi Mdachi akaleta reli. Kambi ikapigwa upande wa Ihumwa, vibarua kutoka Unyamwezi na kwingineko wakajaa, na kila mmoja alitaka samli ya kutia kwenye mboga. Nyemo alikuwa wa kwanza kuliona hilo. Alikuwa anasukasuka maziwa tangu alfajiri, anachemsha siagi mpaka inakuwa safi, anatia samli kwenye vibuyu vidogo, maana kibarua hana mahali pa kuweka chombo kikubwa. Hakumuuzia mtu kabla hajaonja. Alimdondoshea kwenye kiganja, akasubiri alambe, ndipo wakapatana. Aliwajua wateja wake kwa majina na makabila yao. Siku asipofika, waliulizia.

Nikaingiwa na kijicho. Nikajiambia: ng'ombe ni wangu, kwa hiyo maziwa ni yangu, kwa hiyo samli ni yangu. Ona shetani anavyojua kupanga maneno! Niliwaita wale wafugaji saba nyumbani kwangu, na sikuwakaribisha hata kigoda. Nikawatangazia kwamba kuanzia siku ile samli yote inaletwa kwangu, nitaipeleka mimi kwa madebe kwenye duka la kambini, na wao watabaki na mtindi. Nilidhani huo ndio uongozi, ndugu zangu. Mtu mmoja anasema, wengine wanaitikia.

Chomola akauliza, "Shemeji, na watoto je?"

Nikamwambia tumbo la mtoto halijui samli, nikacheka. Nilicheka peke yangu.

Samli ikaja kidogo, tena mbovu. Nyinyi mlitegemea nini? Nani atasukasuka kibuyu tangu alfajiri ili mtu mwingine anenepe? Walifanya haraka haraka, vibuyu havikufukizwa, siagi haikuchemshwa ikaiva, maji yalibaki chini. Na mimi sikuionja, kwa sababu nilijiona mkubwa mno kutia kidole kwenye kibuyu. Nikabebesha punda madebe mawili mpaka kambini. Mwenye duka akafungua mbele ya watu, akanusa, akasema, "Hii nikapake magurudumu ya toroli." Vibarua wakaangua kicheko. Mmoja akaniuliza yule mama wa vibuyu yuko wapi.

Mwenye akili angerudi nyumbani akawauliza wenzake kosa liko wapi. Mimi nilikwenda kwa akida wa serikali ya Mdachi. Nikamwambia watu wananificha mali yangu. Akida yule alipenda sana maneno ya namna hiyo, akanipa askari.

Ndugu zangu, nitalisema hili polepole, kwa sababu baadhi yenu mnalijua na mmejifanya hamlijui. Askari aliingia kwenye tembe ya Chomola akataka samli. Samli haikuwepo. Kulikuwa na kibuyu kimoja cha maziwa ya mtoto wao mchanga. Askari akakishika, Chomola naye akakishika. Akatolewa nje, akalazwa chini, akapigwa kiboko. Mimi nilikuwa pale pale, naangalia miguu yangu. Nyemo hakulia. Aliniangalia tu, na mimi nikaondoka na kile kibuyu.

Jumapili iliyofuata nilikaa benchi la mbele nikaimba kuliko ninyi nyote. Na ninyi mlijua! Habari ya kiboko ilifika hapa kabla yangu. Hakuna hata mmoja aliyenivuta kando akaniuliza, "Danieli, umefanya nini?" Mlinipa mkono mkaniuliza hali ya mifugo. Hasira yangu ya leo nusu yake ni juu yangu, na nusu nyingine mgawane wenyewe.

Jumatatu asubuhi ng'ombe wangu walianza kurudi. Nyumba zote saba. Kila mfugaji alikuja na shahidi wake, akawaingiza zizini, akaondoka bila kuomba hata maji. Mzee Ndahani, aliye mkubwa wao, ndiye pekee aliyesema neno. "Mali yako hii. Ichunge."

Siku ya kwanza nilifurahi. Maziwa yote yangu! Lakini kilikuwa kiangazi. Nyasi za karibu zilikwisha. Kisima kimoja mtoni hakikuwatosha, nikachimba cha pili, cha tatu, mimi na mke wangu, mikono ikachubuka mpaka jembe likawa halishikiki. Ng'ombe walilia mchana kutwa. Ndama wakaanza kuanguka, na maziwa yakakauka. Niliwaomba majirani msaada, wakanisalimu vizuri wakapita. Hapo nilielewa kwamba naweza kumaliza kila nilichoachiwa na baba yangu, na kwamba hakuna nyumba hata moja itakayonipokea nikimaliza.

Nikaomba mvua. Nikafunga. Mbingu ilikuwa nyeupe. Siku moja nilikuwa ndani ya kisima, mchanga umenifika kifuani, namlalamikia Mungu kwa sauti: "Bwana, mbona umeniachia kazi hii peke yangu, na haina hata chakula ndani yake?" Nikaliacha jembe. Kazi ile ndiyo aliyonifanyia Chomola miaka yote, na chakula kilichokuwa ndani yake ndicho nilichokwenda kumnyang'anya mtoto wake kwa mkono wa askari. Sikusikia sauti kutoka juu. Bwana alinifanya nijisikie mwenyewe, basi. Nilikaa mle shimoni nikalia, na kilio kile kilikuwa cha hasira kuliko cha toba.

Sikwenda nyumbani kunawa. Nilikwenda kwa Chomola nikiwa na mchanga kichwani, nikaanguka mbele yake nikasema yote, la askari na la kibuyu. Hakuinuka. Aliyenijibu ni Nyemo.

"Kaka, ng'ombe tutawachukua, kwa sababu wanakufa na wao hawajakosa. Maziwa ni yetu kama zamani. Samli nitauza mwenyewe. Ukiitaka utanunua kama wengine."

Nikamuuliza, "Na mimi nifanye nini?"

"Wewe una punda. Beba."

Ndugu zangu, huo ndio wokovu wangu. Nikawa mchukuzi wa dada yangu, na baadaye wa nyumba zote saba. Kabla sijaondoka tunakaa pamoja, wao wanasema bei, mimi nasema nilichokiona njiani, tunakubaliana. Reli ikisogea, nami nasogea, natafuta kambi mpya na walaji wapya. Kila kibuyu kina uzi wa mwenyewe shingoni, ili sifa imrudie aliyetengeneza, na lawama vilevile. Hakuna kibuyu kinachouzwa bila kuonjwa, na wa kwanza kuonja ni mimi. Nikirudi nawaeleza kila kitu, hata matusi ya wateja. Nyemo amewafundisha wake za wafugaji kuchemsha mpaka samli inang'aa. Leo si nyumba saba tena, ni nyingi, na watu wanatungoja kambini kabla hatujatua mizigo. Nimepata faida kubwa kwa kubeba kuliko niliyoitafuta kwa kuamuru, na nimenunua mitamba. Naitaja faida humu ndani bila aibu, kwa sababu Bwana ndiye aliyenionyesha njia yake.

Namshukuru Bwana kwa mikono iliyochubuka. Namshukuru kwa ulimi wa dada yangu. Namshukuru kwa yule mtoto, ambaye sasa anakimbia na kuniita mjomba.

Lakini Chomola hayumo humu. Tunafanya kazi pamoja, tunakula pamoja, tunafunga mizigo ya punda pamoja, na hajawahi kuvuka mlango huu. Nimemwalika mpaka nimechoka. Ananiambia, "Shemeji, siku ile ulitoka kwangu ukaja kuimba hapo." Na kila Jumapili nikitoka ananiuliza, hana hasira, anataka kujua tu: "Leo mmeimba nini?"

Basi nawaalika mmtumaini Bwana. Na nawajua mlio humu wenye ng'ombe kwa watu, ambao asubuhi hii mmewatuma wake zenu na vibuyu kwenda kudai maziwa yasiyo yenu. Msiniitikie Amina. Msiimbe. Yesu anaokoa, nimemwona akiniokoa mimi niliyekuwa mbaya kuliko ninyi, lakini aliniokoa nikiwa njiani kwenda kuomba radhi. Inukeni sasa, kila mtu ashike njia ya nyumba aliyoidhulumu. Leo Chomola akiniuliza, nataka nimjibu kwamba hatukuimba kitu, kwa sababu kanisa lilikuwa tupu.